Mafundi Watatu na Boneti Moja

Highfields, Queensland
14 Novemba 2009

Dada Coral mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima wa Torpy, walio hai na waliotangulia, nakutangazia kwamba boneti ya gari langu jipya haipo tena kama tulivyoijua. Tukio lilitokea Jumanne tarehe kumi, saa tisa na robo alasiri. Marehemu alikuwa na umri wa siku kumi na tisa. Ameacha vioo vyote vizima, mlango mmoja wa nyuma, na mwenye gari mmoja mwenye upara, anayeomboleza kwenye ngazi za jikoni na kikombe cha chai. Maua yasiletwe.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Sisi hatujambo. Wifi yako Delma anakusalimu na anauliza kama ile sweta ilikutosha. Kuku wameacha kutaga kwa sababu ya joto, au kwa ubishi tu. Kazi zipo: namalizia jiko la familia ya Haigh, makabati kumi na manne, mbao nzuri, mwenye nyumba msumbufu.

Sasa jambo lenyewe. Mvua ya mawe ilitushukia yenye ukubwa wa mayai. Jirani yetu Trevor alitoka mbio na mablanketi, mito na zulia la sebuleni, akalifunika gari lake kama mgonjwa wa homa. Langu halikupata bahati hiyo. Nimehesabu mabonde kumi na saba kwenye boneti na paa, na moja kubwa ubavuni, upande wa kushoto, juu ya tairi la mbele.

Rangi haikupasuka hata mahali pamoja. Ndiyo maana sitaki fundi wa kupaka lipu na kupuliza rangi, gari likarudi na shavu jipya na uso wa zamani. Nataka wale wanaoingiza vyuma vyembamba kwa nyuma ya bati na kulisukuma polepole mpaka lirudi lilikotoka, bila kugusa rangi. Trevor anasema mji umejaa watu hao; wanafuata mvua ya mawe kama ndege wanavyofuata trekta. Lakini mtu mwenye vyuma na fundi ni watu wawili. Shemeji Athol alipompata yule aliyenyoosha mlango wake baada ya ng'ombe kuuegemea, alimpimaje? Muulize uniandikie.

Najua utasema ningepiga simu. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu ulinikatia mara mbili. Kwenye karatasi hunikatii.

Mdogo wako mfiwa,
Lindsay


Burnie, Tasmania
1 Desemba 2009

Lindsay mdogo wangu,

Pole kwa msiba. Nimevaa nyeusi tangu barua yako ifike, ingawa ukweli ni kwamba nguo nyingine zote zimelowa kwenye kamba. Hapa tunangoja kiangazi kama mtu anavyongoja fundi bomba. Goti la Athol linamsumbua, na yeye analisumbua kwa kupanda ngazi kila nikigeuka. Sweta inanitosha. Mwambie wifi mikono ni mirefu kidogo, ila na mimi nimefupika.

Nimemuuliza Athol. Amefurahi kuulizwa, amekaa mezani nusu saa akinieleza mpaka chakula kikapoa. Anasema usimpime fundi kwa maneno yake. Fundi mzuri hutumia muda mrefu akitazama tu, mpaka unaanza kukasirika. Halafu anaanzia ukingoni mwa bonde, anakwenda katikati kidogo kidogo. Anayeanzia katikati mfukuze. Na lazima awe na ubao wa taa wenye mistari myeusi. Anauegesha karibu na bati, ile mistari inaonekana ndani ya rangi kama kwenye kioo. Palipobonyea, mistari inapinda. Bati likinyooka, nayo inanyooka. "Humwamini fundi," anasema Athol, "unaiamini mistari." Nikamwambia wewe utapenda hiyo, maana tangu utoto unatazama kila kitu kwa jicho moja kama unalenga bunduki.

Nina maswali mawili ya kike yasiyo na maana. Gereji yako inaingia magari mawili. Gari lenye siku kumi na tisa lilikuwa linafanya nini nje? Na mvua ya mawe iliwezaje kupiga ubavuni?

Dada yako,
Coral


Highfields
29 Desemba 2009

Dada Coral,

Heri ya Krismasi iliyopita na ya mwaka unaokuja. Tulikula kamba na nyama baridi ya nguruwe chini ya feni, nyuzi joto thelathini na nane, Delma amevaa kofia ya karatasi mpaka ikamgandia kwenye paji la uso. Tulikuombea afya. Mimi nilikuombea pia upunguze maswali. Gereji imejaa mbao za akina Haigh. Na siku ile upepo ulikuwa mkali.

Nimepata fundi. Nasema nimepata kama mtu anavyopata mafua. Anaitwa Edilson, ametoka Brazili, amepiga hema kwenye uwanja wa maonyesho pamoja na wenzake wawili. Kijana mpole, mikono mirefu. Alitazama boneti robo saa nzima bila kusema, nikajua huyu ndiye. Akaanzia ukingoni. Akafanya kazi siku moja na nusu, sauti ya chuma kwa ndani, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kisha akaniita.

"Mzee, njoo uone mali yako."

Akasogeza ubao wa taa. Nikainama nikatazama kwa jicho langu la kazi, unalijua, la kulia. Mistari imepinda. Si sana; katikati imeingia ndani kidogo, kama kamba ya nguo yenye taulo moja lililolowa.

"Bado," nikamwambia.

"Bado wapi?"

"Hapa katikati. Huoni?"

Akainama, akainuka, akaenda upande wa pili, akarudi. "Mzee, huo mstari umenyooka kama barabara ya jangwani."

"Kijana, mimi ni seremala. Miaka thelathini na minne natazama mistari."

Akawaita wenzake. Wote wawili wakainama pamoja naye, vichwa vitatu juu ya boneti yangu kama madaktari, wakasemezana kwa lugha yao, wakacheka. Mmoja akaninong'oneza, "Baba, kula chakula cha mchana, kisha utazame tena." Nikala pai. Nikatazama tena. Imepinda.

Lile la ubavuni hakuligusa. Alipitisha kidole juu yake, akasema, "Hili si la mvua. Mvua haitoki barabarani." Nikamwambia alitazame lililomleta. Basi tukaachana hivyo, yeye akisikitika, mimi nikisikitika, Delma amekaa garini anasoma jarida la juzi.

Ukiacha hayo, Bi. Haigh ameniita mara mbili kurudia milango ya makabati, eti haikai sawa. Nimemwonyesha kwamba ni sakafu ya nyumba yake iliyoinama. Watu wanajenga juu ya udongo wa mfinyanzi halafu wanamlaumu seremala.

Wako,
Lindsay


Highfields
6 Februari 2010

Dada,

Sijapata jibu la barua ya Desemba. Ama posta wameila, ama umekasirika nilipokuombea upunguze maswali. Rudisha hata moja, nitalipokea.

Mvua imenyesha wiki mbili mfululizo, nyasi zimefika magotini na mashine ya kukata imegoma kuwaka. Delma anaimba kwaya Alhamisi. Mimi nampeleka, namngoja, namrudisha. Anasema angeweza kwenda mwenyewe, ana leseni tangu kabla hatujaoana, lakini anaendesha kana kwamba amebeba bakuli la supu mapajani, na mimi sina uvumilivu huo.

Fundi wa pili ni Ross Pascoe, mwenye karakana yake mjini, mvi tupu, maduka ya magari yote yanamtumia. Nilimweleza makosa ya Mbrazili. Akawasha taa, akatazama, akaniuliza, "Unataka nifanye nini hapa?"

"Unyooshe."

"Kilichonyooka?"

"Kilichopinda, Ross. Hapo kwenye pua yako."

Akanieleza kwamba bati ukilisukuma kupita kiasi linavimba upande wa juu, na kuurudisha uvimbe ni kazi mbaya kuliko bonde lenyewe. Nikamwambia asukume. Akasukuma. Sasa mstari umepinda kule kule na pembeni yake kuna chunusi mbili ambazo hazikuwapo, hata yeye amezikubali. Akazigonga zikashuka. Akakunja vyuma vyake kimoja kimoja kwenye kitambaa, taratibu, kama anayefunga vyombo vya marehemu. "Bwana Torpy," akasema, "mimi nimemaliza, na wewe umemaliza na mimi."

Delma alishuka garini akatazama. "Mimi naona sawa tu, Lin."

Nikamwambia hana jicho. Akarudi garini, akafunga mlango.

Nimechoka, Dada. Ni boneti tu, najua. Lakini asubuhi nikitoka, hata kabla ya chai, naiendea kwanza.

Lindsay


Burnie
27 Februari 2010

Lindsay,

Posta hawana kosa. Tulikuwa na safari za Launceston, mambo madogo, yameisha kwa mwezi huu. Athol ameanguka kwenye ngazi, hakuvunjika kitu isipokuwa ngazi. Maboga yametoka mengi, nayagawa kwa watu hata wasioyataka.

Nina barua zako zote tatu hapa mezani. Wewe huandika kwenye karatasi isiyo na mistari na hujawahi kuyumba. Mama alikuwa akiwaonyesha wageni. Ya Novemba imenyooka. Ya Desemba inapanda mwishoni. Ya Februari inapanda, inashuka, na mahali pawili umeandika neno juu ya neno.

Fanya hivi. Tazama mlango wowote nyumbani kwako, ukingo wake. Funika jicho la kushoto. Kisha funika la kulia. Niandikie ulichoona, kila jicho peke yake. Usimwambie Delma hana jicho.

Coral


Highfields
20 Machi 2010

Dada,

Nashukuru kwa barua, na kwa habari za maboga. Naona na wewe mwandiko umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza, herufi nne zinajaza mstari, lakini mimi sikuwahi kulitoa hilo hadharani. Ndivyo tulivyolelewa.

Sikufunika jicho lolote. Mimi si haramia.

Fundi wa tatu niliambiwa yuko Gatton, chini ya mlima. Ni mwanamke, Mmaori, anaitwa Ngaire Tamihana. Kila mtu anasema hakuna anayemkaribia, hata Ross Pascoe humpelekea kazi zinazomshinda. Tulikwenda Jumatano. Amekataa kazi. Hakuchukua malipo. Ametupa chai na keki ya ndizi, tukarudi.

Hakuna zaidi.

Bi. Haigh amemleta seremala mwingine. Nimeyachukua makabati mawili yasiyofungwa bado, yako gerejini, nimeyageuzia ukutani.

Nafikiria kuliuza gari. Delma anakusalimu.

L.


Burnie
30 Machi 2010

Mdogo wangu,

Leo hakuna habari za maboga.

Unakumbuka uzio wa shamba la chini, kule Kingaroy. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulisimamisha nguzo thelathini na moja, Baba akaja jioni akatazama akasema zimepinda, akakuamuru uzing'oe zote. Ukazing'oa. Ukazisimamisha tena, kwa kamba na pima maji, akaja akatazama, akasema zimepinda zile zile. Ulilia nyuma ya tangi ukidhani hakuna aliyekuona. Nilikuona.

Mimi na Mama tulikuwa barazani siku ile ya kwanza. Nguzo zilikuwa zimenyooka, Lindsay. Mama alizitazama, akanitazama, akaingia ndani kumenya viazi. Hakusema kitu, na mimi nikajifunza kutosema. Miaka miwili baadaye Baba alikuwa hamjui mtu getini mpaka aseme jina. Zama zile hapakuwa na dawa, kwa hiyo labda Mama hakukosea sana. Sasa ipo.

Safari za Launceston ni za jicho langu la kushoto. Lilianza mwaka jana: nilitazama mlango wa kanisa nikauona una tumbo. Nachomwa sindano ndani ya jicho kila mwezi. Ndiyo, ndani. Nilichokipoteza kabla ya kwenda hakirudi. Kilichobaki kimebaki kwa sababu nilikwenda. Wiki moja ina maana. Nilikwenda wiki sita baada ya kujua, na hizo wiki sita ndizo zilizonifanya niandike herufi kubwa.

Ulipoandika kuhusu Mbrazili, nilijua. Nilikaa na barua hiyo Januari nzima. Ningekuambia siku ile ile. Sikukuambia kwa sababu nilitaka jambo hili la Baba liwe limenipata mimi peke yangu, likaishia kwangu. Si sababu nzuri. Ndiyo niliyonayo.

Nenda kwa daktari wiki hii. Delma aendeshe. Kama ni bakuli la supu, basi beba supu.

Na siku utakapoweza, niambie gari lilikuwa linafanya nini nje.

Coral


Highfields
1 Mei 2010

Dada Coral,

Mwandiko huu ni wa Delma. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu jicho bado linatoka machozi tangu sindano ya juzi, na kwa sababu ameniambia kwamba kama ni kusema kweli basi niiseme mahali anaposikia. Hatujambo. Kuku wanataga.

Nilikwenda siku mbili baada ya barua yako kufika. La kulia limekwenda katikati. Pembeni naona, mbele kuna doa kama kidole kilichopaka mafuta kwenye kioo. La kushoto limeanza, wamelidaka mapema. Daktari ni binti mdogo, alinipa karatasi yenye miraba akaniuliza naona nini. Nilimwambia naona kazi ya fundi mbovu. Hakucheka. Leseni nimeirudisha mwenyewe kabla haijadaiwa, ndilo jambo pekee la kujisifia katika barua hii. Mashine za mbao zimefunikwa. Nimemwandikia Bi. Haigh kwamba sakafu yake haina kosa.

Sasa Gatton. Yule mama Ngaire alitazama boneti kwa muda mrefu kuliko wote. Nikamwonyesha palipopinda. Hakubisha. Alizima taa, akauchukua ubao wake wa mistari, akaupeleka mbali na gari, akauegesha kwenye ukuta wa karakana, akauwasha.

"Na hapa je, kaka?"

Nikatazama. "Hapo pia pamepinda. Pale pale katikati."

"Huu ni ubao, kaka. Hakuna bati hapa."

Akaenda kuleta keki ya ndizi. Akamkatia Delma kipande kikubwa, mimi akaniwekea mkono begani, akaniambia baba yake mkubwa naye aliwahi kugombana na seremala kwa dirisha lililonyooka. Kisha akanisindikiza mpaka kwenye gari, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani anaendesha?" Nikamwambia ni Delma.

Niliendesha mimi. Nilipanda ule mlima wote, malori mbele na nyuma, na mimi nikijua. Delma alilala, kichwa kwenye dirisha, kwa sababu miaka thelathini hajawahi kuwa na sababu ya kukaa macho nikiwa kwenye usukani. Delma amesimamisha kalamu hapa. Ameendelea.

Sasa tarehe kumi Novemba. Nilikuwa natoka kwa akina Haigh, mawingu yamekuwa ya kijani, nina haraka. Ilikuwa siku ya kuzolewa taka, mapipa yamesimama kando ya barabara. Mbele yangu palikuwa pamenyooka na peupe. Nikasikia kishindo upande wa kushoto. Pipa lilikuwa limelala, na nyuma ya pipa, kwenye majani, alikuwa amekaa mwanamke mzee aliyekuwa akilivuta kwenda kwake. Nilisimama. Niliteremsha kioo. Dada, sikushuka. Nikamuuliza kama ameumia, akasema, "Nenda, nenda, mvua hiyo inakuja." Nikaenda. Sikutaja jina langu.

Nilipofika nyumbani niliona lile bonde ubavuni, pipa la plastiki limelibonyeza vizuri bila kukwaruza. Mawe yakaanza kuanguka. Gereji ilikuwa wazi na haikuwa na ubao hata mmoja. Delma alikuwa ameshika mlango wa gereji, ananipungia niingie. Nikazima injini, nikakaa ndani ya gari pale pale nje, nikayaacha yapige. Kila lililopiga boneti nililishukuru. Nilijua gari lenye mabonde kumi na manane halina maelezo ya kutoa.

Delma anasema aliliona hilo siku ile ile, ila hakujua maana yake. Anasema aliushika ule mlango mpaka mikono ikamuuma.

Jumamosi iliyopita tulikwenda, yeye akiendesha, polepole sana, na sikusema neno. Nilikuwa naikumbuka nyumba. Anaitwa Nola Stenhouse, ana miaka sabini na tisa. Alifungua mlango, nikamwambia mimi ni nani na nilifanya nini, nikiwa nimesimama kwenye mkeka wake kama muuza Biblia. Alinyanyua mkono wa kulia: kifundo kilivunjika, kimeunga vibaya kidogo. Alisema mawe yalimkuta bado amekaa majanini, hawezi kuinuka, basi akalivuta pipa akajifunika nalo mpaka yakaisha. Alicheka aliposema hivyo. "Nilinuka wiki nzima," alisema.

Nikamwambia kuhusu macho. Nilimwambia kwamba sikumwona, kwamba alikuwa katikati kabisa ya pale nilipokuwa natazama, na ndipo pale nisipoona. Alimtazama Delma, kisha mimi.

"Mimi nilikuona," akasema. "Niliona gari linakuja, nikakutazama, na wewe ulikuwa unanitazama usoni moja kwa moja. Nikasema, huyu ameshaniona. Ndiyo maana sikusogea."

Lindsay